Mafuta Yaliyotukalisha

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwasimamisha mbuzi wa baba yangu. Nilipewa buti, jaketi la kung'aa, kofia ngumu, na kibao cha duara chenye mpini mrefu: upande mmoja mwekundu, upande wa pili kijani. Nikasimamishwa pale barabara ya kambi ya kampuni ya mafuta inapokata laga, yaani mto mkavu wa mchanga, mashariki ya mji wa Lokichar, Turkana, Kenya. Lori likitokea, nawaonyesha mbuzi upande mwekundu. Mbuzi hawajui kibao, kwa hiyo nilikuwa nakimbia huku na huko nikipiga miluzi ileile niliyofundishwa na mzee wangu nikiwa na miaka sita. Dereva anapita, vumbi linatulia, nageuza kijani, mbuzi wanavuka. Mzee anapita nyuma yao bila kunisalimu, kwa sababu anaona aibu kusalimiana na mtu aliyevaa vile.

Hiyo ilikuwa 2013. Machi ya mwaka uliotangulia Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza kwamba Kenya imepata mafuta, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia 1. Baada ya Ngamia kikaja Twiga, halafu majina yakawa ya kwetu: Ekales, yaani mbuni, Etuko, punda milia, Etom, ndovu, Amosing, kifaru. Mzee mmoja wa kijijini alisema wageni hawa wameturudishia wanyama wote waliotuishia, tatizo lao ni moja tu, hawachinjwi.

Mzee huyohuyo alikuwa na lingine. Siku kampuni ilipoleta maofisa wa kueleza mafuta ni nini, alisimama akasema kwamba mafuta tunayajua, yanakaa kwenye mkia wa kondoo, na ukitaka mafuta ya mkia lazima umlishe kondoo kwanza. Watu walicheka sana. Maofisa nao walicheka baada ya kutafsiriwa, ingawa nadhani walicheka kwa adabu.

Mshahara wangu wa mwezi ulinunua mbuzi wanne na chenji ikabaki. Wa kwanza niliupeleka wote kwa mzee wangu, kama kijana anavyopaswa. Akazihesabu noti, akazigeuza, akanirudishia akisema shuka lake halina mfuko, nimtunzie. Nikamtunzia mpaka nikanunua pikipiki.

Lazima nieleze kidogo tulivyokuwa tunaishi, maana watu wa mjini wakisikia "wafugaji wa kuhamahama" wanadhani tunatangatanga. Mvua ya Turkana hainyeshi nchi nzima kwa pamoja. Inanyesha hapa wiki hii, mwezi ujao kule, na pengine mwaka mzima inaruka bonde zima. Kwa hiyo mifugo inagawanywa. Ngamia wanaenda wanakopata majani ya miti, ng'ombe wanapelekwa milimani, mbuzi na kondoo wanakwenda kwingine, na wachache wenye maziwa wanabaki na akina mama na watoto. Kila kundi linataka kijana wa kulichunga na mwenye kujua njia. Mzee alikuwa na mbuzi kama 140, ngamia sita na punda. Mbuzi 140 ukiwagawa vizuri wanataka vijana watatu wenye miguu. Alikuwa na wana watatu, nami ndiye mkubwa.

Sasa hesabu yenyewe unaiona. Mimi nilikwenda kushika kibao. Mdogo wangu anayenifuata akapata kibarua cha kufyeka vichaka kwa mwanakandarasi. Akabaki mtoto wa miaka kumi na miwili. Mzee hakutukataza, hata yeye aliona heshima ya kuwa na wana wawili "kampuni". Lakini mwaka huo, kiangazi kilipoingia, hakugawa mifugo. Walikaa wote pamoja karibu na boma, na boma halikuhama.

Kilichofanya lisihame hasa kilikuwa ni maji. Kampuni ilikuwa imeweka matangi makubwa meusi ya plastiki kwenye vijiji vya karibu na visima, na bauza lilikuwa linakuja kuyajaza. Kabla ya hapo maji ya kiangazi yalichimbwa kwenye mchanga wa laga. Mwezi wa kwanza unachimba mpaka magotini, mwezi wa tatu shimo limemzidi mtu urefu, na akina mama wanasimama ndani kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wanapokezana karai. Mchanga huporomoka. Mama yangu alikuwa na kovu begani la siku shimo lilipomfunika. Tangi lilipofika alikwenda akaligusa, akafungua bomba, akanawa uso, akalifunga, akalifungua tena. Kwa hiyo msomaji asiyewahi kuchimba laga asiniambie matangi yalikuwa mtego. Ningekuwa mimi mama yangu ningehamia chini ya bomba.

Na ndivyo watu walivyofanya. Maboma yaliyokuwa yakikaa mbalimbali yalisogea, yakabanana, mabati yakaanza kuonekana juu ya nyumba zilizokuwa za matawi na makuti ya mkoma. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula umbali wa nusu saa kutoka kwenye tangi. Mwaka wa pili saa moja. Baadaye wakawa wanatoka alfajiri na kurudi usiku, wakiwa wameyamaliza kwa kutembea yote waliyokula. Pale karibu na matangi hapakuota kitu isipokuwa mathenge, yule mti wa miiba tusiojua tuufanye nini zaidi ya kuuchoma makaa.

Halafu mbuzi wakaanza kukohoa. Kijiji kizima kilisema ni kisima, kuna hewa mbaya inatoka, na mimi nilisema hivyohivyo nikiwa nimevaa jaketi la kampuni. Mzee ndiye aliyekataa. Alimchinja mmoja, akapasua kifua, akatuonyesha pafu la upande mmoja lilivyogandamana na mbavu, limejaa majimaji ya rangi ya kahawia. "Hii ni loukoi," akasema. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo babu yake aliijua. Akasema loukoi huambukiza mbuzi wakipumuliana, na zamani tulikuwa tunaikimbia: boma moja likiugua, mengine yanahama. Sasa mbuzi wa vijiji vitatu wanakunywa bomba moja, tutaikimbilia wapi? Tulipoteza thelathini na kitu. Kwenye mkutano uliofuata watu walidai fidia ya sumu ya kisima, kampuni ikaleta daktari wa mifugo, akasema ni homa ya mapafu, na ikaishia hapo. Jambo alilolisema mzee, kwamba kilichoua ni kukaa, halikuwa na mtu wa kulidai.

Hapo ndipo ninapoona tulikosea hesabu tangu mwanzo. Tulitazama uzio. Kiwanja cha kisima kilichozungushiwa waya si kikubwa, ukilinganisha na nyika yetu ni kama kitambaa cha mkononi kilichotandikwa uwanjani. Tukapigania kitambaa. Malisho yaliyopotea kwa sababu ya watu elfu moja kukaa mahali pamoja miaka saba hayakuingia kwenye karatasi yoyote.

Kuna kitambaa kimoja kilichouma kweli, nacho ni ekwar ya mzee. Kando ya laga zetu miti ya ewoi, aina ya mgunga, ina wenyewe, japo nyika ni ya wote. Kipande cha mto na miti yake, ndiyo ekwar, ni cha familia fulani, mgeni anaomba. Kwenye ukame maganda ya mbegu za ewoi huanguka chini, unayatikisa kwa mti mrefu, mbuzi wanayatafuna, na maziwa yanarudi wakati hakuna jani popote. Barabara ilipopanuliwa ilipita humo. Alikuja kijana mwenye fomu: aina ya mti, unene wa shina, idadi. Kumi na saba. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika maganda ya Februari. Mzee alilipwa bei ya kuni.

Katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ilianza kuporomoka, na ilipofika mwanzoni mwa 2016 pipa lililokuwa likiuzwa zaidi ya dola 100 lilikuwa limeshuka chini ya 30. Mimi nilijua hayo kwa kuachishwa kazi. Lokichar ilikuwa imejaa nyumba za kulala wageni zilizojengwa kwa mikopo, ploti zilizouzwa mara mbili, na wenye hoteli waliopandisha bei ya ugali. Nusu ya milango ikafungwa. Kwa bahati nilijua Kiswahili kuliko wenzangu, nikachukuliwa tena kama mkalimani wa mikutano. Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa wa kueleza kwa nini vijana wamepunguzwa. Ofisa akasema, "Bei imeanguka." Nikatafsiri. Mzee wa mkia wa kondoo akauliza, "Nani ameiangusha?" Ofisa akafikiri nimetafsiri vibaya.

Kazi ya ukalimani ndiyo iliyonifundisha mengi, na mengine sijivunii. Sentensi ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya sheria: kwamba ardhi ya juu ni ya jamii, lakini mafuta yaliyo chini ni ya serikali, ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema. Niliisema kila namna. Walinielewa vizuri tu, hawakukubali kwamba kitu kinaweza kuwa na mwenyewe bila mtu huyo kuwahi kukichunga.

Lakini sentensi iliyonikaa rohoni ni nyepesi. Mwisho wa kila baraza, baada ya maofisa kueleza barabara mpya au kiwanja kipya, wazee hutema mate kidogo, hukaa kimya, halafu mmoja husema, "Tumesikia." Kwetu neno hilo linafungua mazungumzo. Maana yake twendeni tukalale nalo, tuulizane, tuwapelekee walio mbali wakichunga mifugo, turudi. Mimi nilitafsiri sawasawa: "Wanasema wamesikia." Karani akaandika. Baada ya miezi nikaonyeshwa karatasi, imeandikwa kwamba jamii imekubali, na chini yake kuna sahihi ya shahidi, yangu. Ningesoma kabla ya kutia sahihi. Kulikuwa na joto, gari lilikuwa linawaka, soda zilikuwa zinagawiwa. Hata sasa nikiketi na vijana wanaofanya kazi hiyo nawaambia wasitafsiri "tumesikia" kwa neno moja, waongeze na "watarudi".

Na waliokuwa mbali wakichunga mifugo ndio hasa wasiokuwapo. Mabaraza yalihudhuriwa na waliokaa: wenye maduka, akina mama wa matangi, vijana wa kutafuta kazi, sisi. Mtu mwenye mbuzi mia tatu alikuwa huko Kerio, hajui kama kuna mkutano. Kwa hiyo kampuni ilizungumza na wafugaji kwa miaka mingi bila kuzungumza na mwenye mifugo.

Mwaka 2018 ulikuja na malori. Tarehe 3 Juni Rais Uhuru Kenyatta aliyafungulia njia: mafuta yapelekwe Mombasa kwa barabara, zaidi ya kilomita 1,000, wakati bomba la kwenda Lamu bado ni mchoro. Hata mwezi haukwisha, wananchi wakafunga barabara, malori yakakaa mpaka Agosti. Magazeti yaliandika kwamba tunataka kazi na tenda. Tulitaka, ndiyo. Ila mimi nilikuwa pale barabarani, na kilichowasimamisha watu kilikuwa ni usalama.

Mjomba wangu alikuwa homugadi, polisi wa akiba. Alipewa bunduki ya serikali bila mshahara alinde mifugo ya watu wake, maana kati yetu na majirani zetu wa kusini wizi wa mifugo ni wa kwenda na kurudi tangu zamani, na sisi si malaika. Kampuni ilipokuja ilihitaji walinzi wanaojua nyika, na posho ya siku moja kambini ilimshinda mwanamume yeyote mwenye watoto. Mjomba akaenda, wenzake wakaenda. Ikawa kwenye uzio wa kisima, ambako hakuna mbuzi, kuna bunduki, na kwenye malisho ya mbali kuna watoto wenye fimbo. Alfajiri moja walimjia mdogo wangu wa mwisho, yule wa miaka kumi na miwili, wakati huo ameshakua kijana. Hawakumuua, Akuj, Mungu wetu, alikuwapo. Walichukua mbuzi 46. Mjomba alisikia milio akiwa zamu, na hakuweza kuondoka kwenye lango. Alipolala usiku huo alilala nje ya nyumba ya mama, hakuingia.

Mafuta yenyewe niliyaona mara moja tu. Dereva mmoja wa malori, mtu wa Voi, alikuwa anakula pale Lokichar na akanieleza kwamba mzigo wake lazima ufike ukiwa wa moto. Mafuta ya kwetu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Matangi yao yamefunikwa kama chupa ya chai, na hata hilo bomba la zaidi ya kilomita 800 likijengwa itabidi lipashwe moto njia nzima. Akanionyesha doa lililomwagika karibu na valvu: limeganda, jeusi, laini, ukilibonyeza kidole kinaacha alama. Nikaenda moja kwa moja kumwambia mzee wa mkia wa kondoo kwamba alikuwa sahihi, ni mafuta ya mkia. Hakushangaa. Aliuliza tu kondoo analishwa na nani.

Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa kama 240,000. Mwaka huohuo ilitoka sheria ya petroli: katika kila shilingi mia ya faida ya serikali, 75 ni za serikali kuu, 20 za kaunti, 5 za jamii. Wanasiasa wetu walikuwa wamepigania 10. Mimi nilitafsiri tano kwa kunyoosha vidole vya mkono mmoja, na mama mmoja akauliza kama hivyo vidole ni vya waliopo au na vya walio Kerio. Swali hilo nalo liliandikwa kama maoni.

Kisha 2020. Korona, bei tena chini, malori yakasimama, kambi ikabaki na walinzi wachache. Na bauza halikuja. Wiki ya kwanza tulidhani limeharibika. Mama alikuwa anakwenda kugonga tangi kwa kokoto na kusikiliza.

Mvua nayo ikagoma, misimu mitano mfululizo, mpaka 2023. Ukame si mgeni Turkana, wazee wana majina ya miaka ya njaa kama watu wengine walivyo na majina ya wafalme. Ugeni ulikuwa kwetu sisi. Mzee aliposema sasa tuhame, magoti yake yalikuwa yamekataa, mimi nilikuwa na mguu uliozoea pikipiki, na mdogo wangu anayenifuata hakujua visima vya njiani. Kujua kisima si kujua kilipo. Ni kujua mwenyewe ni nani, baba yako alimpa nini mwaka gani, ukifika useme nini. Mikataba hiyo ya midomo inataka kurudiwa kila kiangazi, na sisi tulikuwa tumeruka viangazi saba tukinywa bomba. Tulifika kwa watu waliokuwa rafiki za babu, wakatukaribisha kama wageni, wakatunywesha sisi, mbuzi wakaambiwa wasubiri. Tulitoka na mbuzi 60 na kitu. Tulirudi na 31. Ngamia wawili.

Sitaki kusema yote yalikuwa mabaya. Dada yangu alisomeshwa kwa basari iliyotokana na kampuni, leo ni muuguzi, na ndiye anayetuma pesa za unga. Pikipiki ilimfikisha mke wangu zahanati usiku wa mtoto wa kwanza. Ila basari ilikwenda kwa mmoja, na mbuzi walikuwa wa wote.

Mdogo wetu wa mwisho, yule aliyeibiwa, ndiye aliyebaki mchungaji. Aliwachukua wale 31 akaenda nao Kerio, akaoa hukohuko, na sasa wanakaribia 90. Hana kadi ya simu. Mzee anakaa kwa mama, wamelikata lile tangi jeusi katikati kwa msumeno: nusu moja ni birika la kunyweshea, nusu nyingine wanalaza ndani vitoto vya mbuzi usiku, fisi asifike.

Mwaka 2025 tulisikia visima vimeuzwa kwa wenyewe wengine. Haikupita muda wakaja vijana wenye jaketi mpya, rangi tofauti, wakaniulizia kwa jina. Wanataka baraza, wazee wasiopungua arobaini, na mkalimani. Tukapanga Jumatano chini ya mti uleule. Jumatatu usiku kukapiga radi upande wa mashariki, na Jumatano walikuja wazee tisa. Wengine walikuwa wameondoka na mifugo. Yule ofisa, msichana mwenye adabu nzuri, alitazama makreti ya soda, akatazama orodha yake, akaniuliza kama hao tisa wanatosha.

Nikamwambia hapana, tusubiri wenye mbuzi.

Akaniuliza tusubiri mpaka lini, aandike tarehe.

Nikamwambia aandike kwamba tumesikia, na tutarudi.